Ualimu wa masomo ya sanaa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ni kweli hatupewi?

binti_wa_laela

Habarini wakuu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Naombeni msaada wenu maana hapa nilipo kichwa kinauma. Nimemaliza kidato cha sita kombi ya HGK (historia, jiografia na Kiswahili) nikapata divisheni two ya pointi 10, nikaomba digrii ya ualimu na nimechaguliwa chuo cha Mkwawa, Iringa. Siku majina yanatoka mama alilia kwa furaha, ila tangu hapo hatujalala vizuri sababu ya hela.

Hali yetu ni hivi. Baba alifariki 2014, alifia nyumbani kijijini sio hospitali, na cheti cha kifo hatukuwahi kukifuatilia maana hakuna aliyetuambia kina kazi. Mama analima mahindi na maharage, akivuna anauza gulioni, kaya yetu ipo TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Tuko wanne na mimi ndo wa kwanza. Halafu kuna hili jambo jingine, cheti changu cha kuzaliwa jina la mwisho wameandika la babu, vyeti vya shule vyote nina jina la baba.

Sasa mjomba wangu, ambaye ndo tunamtegemea kwa mambo ya mjini, anasema ualimu wa sanaa Bodi hawatoi kitu, hela yote inaenda kwa wa sayansi, na hata ukipata unakatwa mshahara mpaka unazeeka, kwa hiyo niahirishe mwaka nitafute kazi ya dukani kwanza. Kanisani dada mmoja kaniambia niombe Samia Scholarship. Na pale steshenari mjini wanataka elfu hamsini wanijazie kila kitu, mbali na ile elfu 30 ya maombi yenyewe. Mama ameanza kuulizia mikopo ya wale wa kausha damu, wa riba kubwa ya kila wiki, ili tulipe ada ya mwanzo, na hilo ndo linanitisha kuliko yote.

Naombeni mwenye kujua aniambie ukweli, sisi wa sanaa tunapata au tunapoteza muda? Na hili la cheti cha baba nalianzia wapi? Dirisha la maombi ya mkopo limeshafunguliwa na siku zinakimbia.

mgosi_wa_soni

Mdogo wangu pole na hongera kwa wakati mmoja. Kwanza mama asiguse hiyo hela ya kausha damu, mwambie leo hii, asisubiri kesho. Ada ya chuo cha serikali unaruhusiwa kulipa kwa awamu, nusu nusu kwa semista, na ukishapangiwa mkopo sehemu ya ada inaenda moja kwa moja chuoni, wewe huishiki. Kukopa kwa riba ya wiki ili ulipe kitu ambacho huenda kitalipwa mwezi wa kumi na moja ni kuiumiza familia bure.

Pili mjomba mweleze kwa heshima kwamba hilo sio kweli. Mimi nimesoma ualimu DUCE, chuo cha Dar es Salaam, historia na Kiswahili, na nilipata. Chumba chetu hosteli tulikuwa wanne, wote wa sanaa, watatu tulikuwa na mkopo. Kilichopo ni kwamba Bodi ina kozi za kipaumbele, ualimu wa sayansi na hisabati uko mbele kwenye foleni kwa sababu shule hazina walimu wa fizikia na hesabu, kila mtu aliyesoma shule ya kata anajua alivyokaa kidato cha nne mwalimu wa fizikia hajawahi kumuona. Kwa hiyo wao wanaangaliwa kwanza na asilimia yao ya ada huwa inakaa vizuri. Sisi wa sanaa tunaangaliwa zaidi kwa uhitaji, na wewe kwa maelezo yako ni yatima wa baba na kaya iko TASAF, usipopata wewe basi sijui nani apate. Ila uhitaji huo uwe umeandikwa kwenye karatasi, kusimulia tu hakusaidii.

Samia Scholarship achana nayo, sio kwa ubaya. Ilianza mwaka wa masomo 2022/23, wanafunzi 640 wa kwanza, na ni kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita kwenye kombi za sayansi na wanaenda kusoma sayansi, uhandisi, hisabati, tiba na vitu vya namna hiyo. Ile hairudishwi, ni ufadhili kamili, ndo maana kila mtu anaitaja. HGK haimo.

steshenari_ya_kona

Nimesoma nikaona nichangie kwa kirefu maana mimi kazi yangu ndo hii, nina steshenari karibu na stendi na kila mwaka kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane nakaa na hizi fomu asubuhi hadi usiku. Nikwambie ukweli mdogo wangu, watoto wengi ninaowaona wanakosa mkopo sio kwamba hawana shida, wana shida kubwa tu, wanakosa kwa sababu ya karatasi. Mtoto yatima kabisa lakini cheti cha kifo hakipo, kwenye mfumo anaonekana ana baba na mama. Kompyuta haijui kwamba baba alizikwa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu ya mkopo, anza na cheti cha baba. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na mama pamoja na mtu mzima mwingine aliyekuwepo msibani, mwombe barua inayoeleza marehemu ni nani, alifariki lini, alizikwa wapi. Ukitoka hapo unaenda wilayani ofisi ya mkuu wa wilaya, pale kuna dawati la RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, maana katibu tawala wa wilaya ndo msajili wa vizazi na vifo kwa wilaya. Mwambie unataka kusajili kifo kilichochelewa kusajiliwa. Watakupa fomu, watakwambia viambatanisho, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Bebeni kila kitu mlicho nacho cha marehemu, kadi ya kupigia kura, kadi ya kliniki, kadi ya chama, cheti cha ubatizo, chochote chenye jina lake, na mkazie macho jina lake liandikwe vilevile kama lilivyo kwenye vyeti vyako. Nimeshaona cheti cha kifo kimeandikwa Yohana na kwenye cheti cha mtoto ni John, mtu amerudi wilayani mara ya pili nauli ya kwenda na kurudi imemtoka bure.

Cheti kikishatoka bado, hicho cha kifo na chako cha kuzaliwa vyote vinatakiwa vihakikiwe RITA kwa njia ya mtandao, upate namba ya uhakiki, hiyo namba ndo unaijaza kwenye maombi ya Bodi. Uhakiki haufanyiki siku hiyohiyo, unachukua siku kadhaa na mwezi wa nane watu wanakuwa wengi, kwa hiyo usiuache wiki ya mwisho.

Kuhusu jina lako, cheti cha kidato cha nne ndo kinabeba kila kitu. Chuo kimekupokea kwa jina hilo na namba hiyo ya mtihani, Bodi nao wanakuvuta kwa namba hiyohiyo ya kidato cha nne. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa ndo kiendane na cha shule, sio kinyume chake. Ulizia palepale dawati la RITA kama wanaweza kukirekebisha, au uende kwa wakili uape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Na ndugu zangu mliorudia mtihani sikilizeni na nyie, namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo ndo uombee mkopo, usiweke ya mwaka mwingine kwa sababu ina matokeo mazuri.

TASAF ndo silaha yako. Nenda kwa mratibu au mtendaji uchukue namba ya kaya, ujaze pale panapouliza kama familia ni mnufaika. Watoto wengine wanaona aibu wanaruka hicho kipengele. Usiruke.

Sasa fomu yenyewe. Ukimaliza kujaza unaichapa, kuna kurasa za kusainiwa na kugongwa mihuri, unasaini wewe, mdhamini wako, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo yaani wakili au hakimu. Mdhamini awe na kitambulisho na picha ya pasipoti. Halafu unaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Hapa ndo balaa lilipo. Mtu anapiga picha kwa simu jioni, kivuli cha mkono kimekaa juu ya muhuri, namba ya kitambulisho cha mdhamini haisomeki, anapakia anaondoka kwa furaha. Wiki tatu baadae kwenye akaunti yake ya Bodi kuna ujumbe arekebishe, yeye hajafungua hata siku moja. Tumia skana, hata ya mia tano ukurasa. Ukishapakia fungua tena ulichopakia ukisome herufi kwa herufi kama vile wewe ndo afisa. Na nywila yako ukae nayo mwenyewe kwenye daftari, namba ya simu na baruapepe viwe vyako sio vya steshenari. Nasema haya nikiwa mwenye steshenari, kuna wenzetu wanasajili wateja mia kwa baruapepe moja na wakibadilisha simu imeisha hiyo.

Elfu hamsini ni nyingi. Kujaza na kuchapa na kuskani haifiki huko. Njoo na vyeti vyote siku moja, kaa pembeni ya anayejaza, usome kila mstari kabla hajabonyeza.

kijana_wa_makato

Mimi naomba nitoe upande mwingine, msinielewe vibaya. Dada, mjomba wako kwenye makato hajakosea. Mimi ni mwalimu, nimeanza kazi nikiwa nimesaini mkopo wakati makato ni 8%, sheria ikabadilishwa 2016 ikawa 15% ya mshahara wa msingi na hatukuulizwa sisi tuliokuwa tumeshasaini. Ukiongeza kodi, mfuko wa jamii, bima ya afya, chama, unachobaki nacho ukipanga chumba na kumtumia mama kimekwisha. Kuna miezi nilikuwa naenda shule kwa mguu. Sikatai kwamba mkopo ulinisomesha, ila mtu aingie akijua anachosaini, hii ni deni, sio msaada wa serikali kama wengi mnavyoimba humu.

Na jingine la kumwambia mapema, niliwahi kufundisha shule binafsi kabla sijaajiriwa serikalini, pale nilikuwa nakatwa kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara na nilipokuja kuangalia taarifa yangu ya deni miezi kadhaa haikuwa imefika. Kwa hiyo ukianza kazi kagua deni lako mwenyewe na utunze kila karatasi ya mshahara.

mwalimu_kanyigo

Nakuunga mkono kwenye kutunza karatasi na kwenye kujua kwamba ni deni. Ila binti asije akaacha chuo kwa hofu hiyo, ngoja tupige hesabu mezani. Tuseme amemaliza miaka mitatu deni lake ni milioni 9. Tuseme mshahara wa msingi wa kuanzia ni laki 8, natumia namba rahisi tu. 15% yake ni 120,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,440,000. Hilo deni linaisha kwenye mwaka wa saba hata kama mshahara haujapanda, na huwa unapanda. Miaka sita na kidogo sio kuzeeka.

Kilichokuwa kinawazeesha watu ni ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo. Kwenye deni la milioni 9 hiyo peke yake ni 540,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya theluthi ya ulichokatwa inameza tozo, deni lenyewe linashuka taratibu mno. Rais Samia alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza, na mwaka huohuo ikaondolewa na ile adhabu ya 10% kwa waliochelewa kulipa. Mjomba wa binti inawezekana alisikia habari za kabla ya hapo, na kwa kweli wakati ule alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi nililipa na ile tozo, najua maumivu yake, na kila nikiwaona hawa wadogo zetu hawalipi tena nafurahi kwa dhati.

Kitu ninachotaka binti ukifikirie kwa uzito sio makato, ni ajira. Zamani ukimaliza ualimu unasubiri kupangiwa kituo tu, siku hizi walimu wanaomba kwenye mfumo wa ajira na wanaitwa kwenye usaili, na wa historia na jiografia mko wengi kuliko nafasi. Sikutishi. Nasema ukifika Mkwawa chagua masomo yako ya kufundishia kwa akili, Kiswahili kwako kipo kwenye HGK, kishike vizuri, jifunze na kompyuta, na jiografia usiitupe kwa sababu ya hesabu za ramani. Na mkopo hauanzi kukatwa kama huna mshahara, ila deni linabaki pale linakusubiri, hilo uwe nalo kichwani.

dogo_tp

Mimi niko mwaka wa tatu hapahapa Iringa nasoma ualimu, acha nikwambie vitu ambavyo hao wakubwa wameshasahau.

Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, halitoki siku unayofika. Unafika, unajisajili, unafungua akaunti ya benki, afisa mikopo wa chuo anahakiki, unasaini kwa alama za vidole ndo hela inakuja, na wa mwaka wa kwanza huwa mnachelewa kuliko sisi. Majina yanatoka kwa awamu, ukikosa awamu ya kwanza usianze kulia, ya pili ipo na inayofuata, na baadae kuna dirisha la rufaa. Nina rafiki yangu aliitwa kwenye rufaa baada ya kupakia cheti cha kifo cha mama yake, mwanzo alikuwa hana kama wewe. Kwa hiyo hata cheti cha baba kikichelewa kutoka, wewe omba ndani ya muda na vingine vyote ulivyo navyo, halafu utakuja nacho kwenye rufaa. Usiache kuomba ukisubiri cheti.

Kwa hiyo hela ya kuja nayo ni ya kula mwezi wa kwanza na kulipia kitanda. Omba hosteli ya chuo mapema kabisa, mtaani ni bei na watu wa pikipiki watakumaliza. Njoo na unga, maharage, mchele kama upo, sufuria mbili na blanketi zito. Iringa baridi haitanii, mwezi wa sita na wa saba utanikumbuka.

Hela ya chakula na malazi siku hizi ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na inaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili, laki sita inaingia kwenye akaunti siku moja kwa mtoto ambaye hajawahi kushika laki. Kuna ya vitabu na viandikwa laki mbili kwa mwaka. Wengi wanaimaliza wiki ya kwanza kwa simu mpya na viatu, wiki ya tano wanakula mihogo ya kukopa kwa mama ntilie. Ukilipata nunua mahitaji ya mwezi mzima, mtumie mama kidogo ukitaka, iliyobaki igawe kwa wiki.

Halafu sisi wa ualimu tuna TP, mazoezi ya kufundisha, mwisho wa mwaka wa kwanza na wa pili. Ile ina fungu lake pembeni, mafunzo kwa vitendo, wanahesabu 10,000 kwa siku mpaka siku 56, kwa hiyo laki tano na sitini. Hii hela iheshimu sana. Unapelekwa shule ambayo huenda iko mbali, unapanga chumba miezi miwili, unanunua karatasi manila, unachapa maandalio ya somo, unavaa kama mwalimu kila siku, na kama imechelewa unaanza kwa hela yako. Mimi nilipangiwa shule ya kijijini, nilifika na begi na elfu kumi na tano, mwalimu mkuu akanipa chumba kwenye nyumba ya walimu na mke wake akawa ananipikia mpaka hela ilipoingia. Mungu awabariki popote walipo. Ukichagua kituo cha TP ambako una ndugu utaokoa kodi yote ya nyumba, wengi wanaweka akiba hapohapo.

La mwisho, soma. Sapu moja mbili, yaani kurudia mtihani, sio mwisho wa dunia, ila ukidisko, yaani ukifukuzwa chuo kwa kufeli, mkopo umekatika na deni la ulichokula linabaki jina lako. Nimeona wenzangu wawili wamepanda basi wakarudi kwao na deni bila cheti.

mpemba_wa_wete

Assalaam alaykum. Nachangia kidogo kwa walioko Zanzibar wasije wakachanganywa na uzi huu. Huku kwetu tunayo Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, mtu anayesoma ualimu SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au kwengineko anaweza kuomba huko, na vyeti vya kuzaliwa vya waliozaliwa huku vinahakikiwa kwa wakala wa usajili wa Zanzibar, si RITA. Mdogo wangu alipeleka cheti chake RITA akazungushwa siku nyingi bure. Na huchukui mikopo ya bodi mbili kwa pamoja, utachagua mmoja. Mwanangu wa Laela nakuombea kheri, ualimu ni kazi ya heshima, endelea wala usirudi nyuma.

baba_wawili_tz

Nauliza kidogo ndani ya uzi huuhuu, samahani mwenye uzi. Kijana wangu kapata diploma ya ualimu, masomo ni fizikia na hesabu. Diploma nako kuna mkopo au ni digrii tu?

mgosi_wa_soni

Mzee, upo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inatoa na kwa diploma kwenye fani maalumu, na ualimu wa sayansi, hesabu na ufundi umo. Mwambie asome mwongozo wa diploma, ni tofauti na wa digrii, vigezo havifanani na hata tarehe za dirisha huwa zinapishana. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa ni uleule wa RITA alioeleza steshenari.

binti_wa_laela

Wakuu sijui niwashukuru vipi, nimemsomea mama uzi wote jana usiku kwa sauti. Habari ya kausha damu ameiacha kabisa, amesema tutauza gunia za mahindi tulizoweka kwa ajili ya nauli na kitanda.

Leo asubuhi tumeenda kwa mtendaji, mama, mimi na baba mdogo ambaye ndo aliosha mwili wa baba. Mtendaji ametuandikia barua na kugonga muhuri, amesema ameshaandika za hivyo kwa watoto wengine wawili mwezi huu. Tumepata kadi ya baba ya kupigia kura ndani ya sanduku la nguo, jina limeandikwa sawasawa na la kwenye vyeti vyangu. Jumatatu tunaenda wilayani. Namba ya kaya ya TASAF nimeshaiandika kwenye daftari.

Swali moja limebaki. Mdhamini lazima awe mfanyakazi wa serikali? Mjomba amesema hataki kusaini akiogopa atadaiwa yeye nikishindwa kulipa. Mama naye hana kazi ya mshahara.

steshenari_ya_kona

Hongera sana, hiyo kadi ya kura itunze kwenye bahasha isikunjwe.

Mdhamini sio lazima awe na mshahara. Mzazi anaweza kukudhamini na huwa ndo inavyopendekezwa, kwa hiyo mama ndo mdhamini wako, mkulima anasaini kama mwingine yeyote. Kinachotakiwa ni kitambulisho chake, cha taifa ndo kizuri, picha yake na saini yake. Kama mama hajui kuandika atatia dole gumba, wakili atashuhudia. Usome na mama kile kipande cha mdhamini kabla hajatia saini, ajue anachosaini, ni mistari michache tu.

Kitambulisho cha mama kama ni namba tu kadi bado haijatoka, Jumatatu mkiwa wilayani pitieni ofisi ya NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, muulizie, safari iwe moja.

mwalimu_kanyigo

Na mjomba msimkasirikie. Mpelekee uzi huu asome mwenyewe, pale kwenye hesabu ya makato. Kama akiendelea kukataa basi, ila atakuwa ameelewa kwamba kusoma unasoma.

dogo_tp

Ukifika Iringa ulizia dawati la mkopo mapema, ofisi huwa na foleni kuanzia saa moja. Njoo na nakala za kila cheti, nne nne.